Medicare haichaguliwi kila Oktoba

Kampuni kubwa za bima za Marekani zilipotangaza kwamba zinafunga baadhi ya mipango yao ya Medicare Advantage kwa mwaka 2026, yaani Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wenye miaka 65 na zaidi, inapoendeshwa na kampuni binafsi, swali lililozagaa kwenye makundi ya WhatsApp ya wazee wetu wa huko, kuanzia Dallas hadi Lowell, lilikuwa moja: sasa tuhamie kampuni gani? UnitedHealthcare peke yake ilisema mipango inayoachana nayo ina wanachama wapatao 600,000, na CMS, wakala wa serikali unaosimamia Medicare, ulikadiria kwamba walio kwenye mipango ya aina hii wangepungua kutoka milioni 34.9 hadi milioni 34. Habari hiyo imepokewa kama ya duka kufungwa: ukikuta kufuli mlangoni, unavuka barabara kwenda la pili. Nadhani imeeleweka vibaya. Uamuzi mzito wa bima ya uzeeni nchini Marekani, wa kubaki na Medicare ya asili ya serikali au kuingia Advantage, haufanywi kila Oktoba wakati dirisha la kubadili mpango linapofunguliwa na matangazo yanapofurika kwenye televisheni. Hufanywa mara moja, mtu anapotimiza miaka 65 akiwa bado na nguvu zake, na kwa walio wengi ni vigumu mno kuutengua. Kufungwa kwa mpango, jambo ambalo kila mtu analilalamikia, kwa baadhi ya watu ndiyo nafasi adimu ya kuutengua.

Kizazi kinachofika umri huo sasa ni kile kilichokwenda Marekani miaka ya 1980 na 1990 kwa masomo, kikabaki, kikafanya kazi hospitalini, maofisini na kwenye nyumba za kutunzia wazee. Kwa miaka yote hiyo asilimia 1.45 ya mshahara ilikatwa kwa ajili ya Medicare, na mwajiri akaongeza kiasi hicho hicho. Aliyechangia robo 40 za mwaka, yaani miaka 10, hupata Sehemu A, ya kulazwa hospitalini, bila ada ya mwezi. Sehemu B, ya madaktari, vipimo na matibabu ya kwenda na kurudi, hulipiwa ada: dola 202.90 kwa mwezi mwaka 2026, na zaidi kwa mwenye kipato kikubwa. Hadi hapo wengi wanajua. Kisichosikika sana ni namna bima hiyo inavyolipa. Ukishatoa mfukoni dola 283 za mwanzo wa mwaka, Sehemu B hulipa asilimia 80 ya bei iliyoidhinishwa na wewe unabaki na 20, na hizo 20 hazina kikomo. Matibabu ya saratani yakifika dola 100,000, deni lako ni kama 20,000, na mwaka ukigeuka unaanza upya. Ukilazwa, unadaiwa dola 1,736 kabla Sehemu A haijaanza kulipa, na unaweza kudaiwa tena mwaka huo huo ukirudi wodini baada ya kukaa nje muda mrefu. Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya Medicare tarehe 30 Julai 1965 bila kikomo cha deni la mgonjwa. Bunge lilikiweka mwaka 1988, kisha mwaka uliofuata likaifuta sheria yenyewe baada ya wazee kugomea kodi iliyoambatana nayo. Hakijarudi hadi leo.

Pengo hilo ndilo linalozaa njia mbili. Ya kwanza ni kubaki na Medicare ya asili, ununue bima ya nyongeza iitwayo Medigap ambayo hulipa zile asilimia 20 na madeni mengine, halafu ununue mpango wa dawa, yaani Sehemu D. Unalipa ada tatu kwa mwezi, lakini unatibiwa na daktari au hospitali yoyote nchini inayopokea Medicare, na bili karibu haikufikii. Njia ya pili ni Medicare Advantage: serikali huilipa kampuni binafsi kiasi maalumu kwa kila mwanachama, kampuni hiyo ikabeba A na B kwa pamoja, mara nyingi na dawa pia. Mingi ya mipango hiyo haina ada ya ziada juu ya Sehemu B, na huongeza meno, miwani, vifaa vya kusikia, pengine na uanachama wa ukumbi wa mazoezi. Kwa kubadilishana na hayo, unatibiwa ndani ya mtandao wa madaktari wa kampuni, na kwa huduma nyingi kubwa daktari lazima aombe kibali kwanza. Mwaka 2007 walioshika njia hii walikuwa asilimia 19 ya wanaostahili. Mwaka 2025 walifika asilimia 54.

Hapo ndipo penye kifungu ambacho wakala wa bima hutaja haraka, akikitaja. Kuanzia mwezi ambao una miaka 65 na tayari una Sehemu B, sheria ya taifa inakupa miezi 6 ya kununua Medigap yoyote inayouzwa jimboni kwako, na kampuni haiwezi kukuuliza habari za kisukari, presha wala moyo wako. Miezi hiyo ikipita, katika majimbo mengi kampuni ina haki ya kukupima afya, kukutoza zaidi au kukukataa kabisa. Majimbo manne tu, Massachusetts, Connecticut, New York na Maine, ndiyo yanayozilazimisha kampuni kuwapokea wazee baadaye bila kujali ugonjwa, iwe mwaka mzima au katika kipindi fulani cha kila mwaka. Kwa hiyo Mkenya wa Lowell, Massachusetts, na Mkenya wa Atlanta, Georgia, wanaweza kuwa na umri mmoja, pensheni moja na ugonjwa mmoja, lakini wa kwanza akaweza kubadili nia akiwa na miaka 72, wa pili asiweze. Ile ruhusa ya kila mwaka, kuanzia 15 Oktoba hadi 7 Desemba, ya kutoka Advantage na kurudi Medicare ya asili, ipo kweli. Ila kurudi bila Medigap ni kurudi kwenye zile asilimia 20 zisizo na kikomo. Aliyejiunga na Advantage mara tu alipotimiza miaka 65 anaweza kujitoa ndani ya miezi 12 ya kwanza na kununua Medigap bila maswali. Baada ya hapo, kwa mtu wa Georgia au Texas aliyeanza kuugua, ni majaliwa.

Sasa nisiwaonee waliochagua Advantage, kwa sababu hoja yao iliyo bora ni nzito. Medigap ni ghali. Hata kwa mtu wa miaka 65 mara nyingi huzidi dola 100 kwa mwezi, sehemu nyingine hupita 200, na hupanda kadiri miaka inavyokwenda. Haina bima ya familia, kwa hiyo mume na mke hulipa kila mmoja ya kwake. Mstaafu aliyepokea mshahara wa msaidizi wa wauguzi kwa miaka 25, anayetegemea pensheni ya serikali, na ambaye kila mwezi bado kuna mtu kijijini anayengoja ada ya shule, hana hizo fedha. Kwa mtu huyo Advantage inatoa kitu ambacho Medicare ya asili pekee haitoi: kikomo. Mwaka 2026 mpango wowote hauruhusiwi kukudai zaidi ya dola 9,250 kwa matibabu ya ndani ya mtandao, dawa zikihesabiwa kando, nazo zina kikomo chao cha dola 2,100. Dola 9,250 ni nyingi, lakini zina mwisho. Kwa hiyo asiyemudu Medigap akichagua Advantage sioni kosa lake. Mwenye kipato kidogo zaidi aanzie kwingine kabisa: akistahili Medicaid ya jimbo lake, yaani bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, au mpango wa jimbo unaolipia ada ya Sehemu B, hesabu yote hii inabadilika na Medigap haina kazi kwake.

Hoja iliyo dhaifu ndiyo inayosikika zaidi: zaidi ya nusu ya wazee wa Marekani wamejiunga, basi lazima ni nzuri. Wamejiunga wakiwa na afya gani? Mtu wa miaka 65 anayetembea kilomita tatu asubuhi hupima bima kwa anachokitumia, nacho ni miwani, kusafisha meno na dawa ya presha. Kwa vipimo hivyo Advantage inashinda bila jasho. Halafu wako waliopelekwa huko na waajiri wao wa zamani, na wako waliopelekwa na wakala ambaye, mwaka 2025, katika majimbo mengi aliruhusiwa kupokea hadi dola 626 kwa kila mwanachama mpya. Hizo meno na miwani nazo zina mlipaji. MedPAC, tume inayolishauri Bunge kuhusu Medicare, ilikadiria kwamba mwaka 2025 serikali ingelipa kampuni hizi takriban dola bilioni 84 zaidi ya ambazo ingetumia kama watu hao hao wangebaki kwenye Medicare ya asili, yaani asilimia 20 zaidi. Serikali ilipoanza mwaka 2024 kubana namna kampuni zinavyoorodhesha magonjwa ya wanachama ili zilipwe zaidi, huku wazee wakienda hospitali kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa, faida ikapungua, na marupurupu yakaanza kukatwa, mipango ikafungwa. Yale yaliyomvuta mzee ajiunge yanaweza kuondolewa kila Januari, naye akabaki na vizuizi vyake.

Ubora wa bima hujulikana siku ya ugonjwa mkubwa. Kwa hesabu za shirika la utafiti la KFF, mwaka 2023 kampuni za Advantage zilipokea maombi ya vibali karibu milioni 50 na kukataa asilimia 6.4 ya hayo. Watetezi husema asilimia 6 ni kidogo. Ni maombi milioni 3.2. Kati ya yaliyokataliwa, yaliyokatiwa rufaa hayakufika hata asilimia 12, na katika hizo rufaa zaidi ya asilimia 80 kampuni ilirudi nyuma, ikakubali yote au sehemu yake. Anayekata rufaa kwa kawaida anashinda. Shida ni kwamba mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji, mwenye Kiingereza cha kuombea maji, hakati rufaa. Mwaka 2022 mkaguzi mkuu wa Wizara ya Afya ya Marekani alichunguza sampuli ya vibali vilivyonyimwa na kukuta asilimia 13 vilitimiza masharti ya Medicare yenyewe, maana yake mgonjwa angehudumiwa kama angekuwa kwenye Medicare ya asili. Ndugu zetu wanaofanya kazi kwenye nyumba za kutunzia wazee hawahitaji ripoti hizi. Wamewaona wagonjwa waliovunjika nyonga wakiambiwa bima imesitisha malipo ya mazoezi ya viungo ilhali hawajaweza kusimama. Linalonishangaza ni kwamba baadhi yao, wakifika 65, husaini mipango ya aina hiyo hiyo kwa sababu ya miwani.

Medicare ya asili nayo si malaika. Haigusi meno wala miwani ya kawaida. Nyumba ya uuguzi hulipiwa siku zisizozidi 100, baada ya kulazwa, na siku 20 tu za mwanzo ndizo zisizo na mchango wako. Utunzaji wa kudumu wa mzee asiyejiweza haulipiwi na njia yoyote kati ya hizi mbili, na familia nyingi hugundua hilo zikiwa zimechelewa. Tena tangu 1 Januari 2026 serikali imeanza majaribio ya kudai vibali kwa huduma chache ndani ya Medicare ya asili, kwa msaada wa akili mnemba, katika majimbo 6 yakiwemo Texas, Ohio, Arizona na Washington, ambako jamaa zetu ni wengi. Ni orodha fupi ya huduma, hailingani na ile ya Advantage. Lakini anayesema kwamba Medicare ya asili haina vibali kabisa, kauli yake inaanza kupitwa na wakati.

Yote hayo Mmarekani wa kawaida anakabiliana nayo. Letu lina nyongeza: karibu kila mstaafu wa kutoka Afrika Mashariki ana nia ya kurudi nyumbani, au kugawa mwaka, miezi mitano Kisumu au Moshi, saba Minneapolis. Medicare hailipi matibabu ya nje ya Marekani, isipokuwa katika hali chache sana. Aina kadhaa za Medigap, zikiwemo G na N zinazonunuliwa sana, hulipa asilimia 80 ya dharura inayotokea ndani ya siku 60 za mwanzo za safari, baada ya wewe kutoa dola 250, hadi dola 50,000 kwa maisha yako yote. Si nyingi, lakini kwa mzee aliyepata kiharusi Nairobi wiki ya tatu ya likizo zina maana. Mipango mingi ya Advantage nayo huweka dharura za nje ya nchi, na baadhi kwa ukarimu, ila mpango wenyewe umefungwa kwenye eneo: kwa kawaida, ukikaa nje ya eneo hilo zaidi ya miezi 6 mfululizo unaondolewa. Medigap haina kamba hiyo, na maadamu unalipa ada, kampuni haiwezi kukufuta kwa sababu umeugua. Kwa mtu mwenye makazi mawili hoja hii, kwa maoni yangu, ni kubwa kuliko ya meno.

Wako wanaokwenda mbali zaidi: kwa kuwa narudi nyumbani kabisa, ya nini kulipa dola 202.90 kila mwezi kwa bima nisiyoweza kuitumia Mombasa? Ni swali la haki, na kwa mwenye uhakika kwamba hatarudi, jibu linaweza kuwa ni kuacha. Wengi hawana uhakika huo. Anayechelewa kujiandikisha Sehemu B bila kuwa na bima ya kazini, yake au ya mwenzi wake aliye kazini, hutozwa asilimia 10 zaidi kwa kila miezi 12 kamili aliyokosa, na nyongeza hiyo humwandama maadamu ana Sehemu B. Miaka minne nyumbani ni asilimia 40. Kwa bei ya 2026, ada inakaribia dola 284 badala ya 203. Na akirudi mgonjwa hataipata siku hiyo hiyo: atangoja dirisha la kujiandikisha la kati ya 1 Januari na 31 Machi. Kuishi nje ya nchi hakuhesabiwi kuwa udhuru. Bima ya mstaafu iliyotolewa na mwajiri wa zamani nayo haihesabiwi, kwani inayokulinda na adhabu ni ile ya mtu aliye kazini bado. Na aliye kazini bado kwenye kampuni ndogo ya wafanyakazi chini ya 20 asijidanganye, maana hapo Medicare ndiyo mlipaji wa kwanza na bima ya kazi inaweza kukataa kulipa kama hukujiandikisha.

Wazazi walioletwa na watoto wao wako katika hesabu nyingine. Mama wa miaka 67 aliyeingia na kadi ya kijani, yaani ya ukazi wa kudumu, hapati Medicare kwa sababu ya umri wala kwa sababu mwanawe analipa kodi; miaka ya kazi ya mtoto haimhesabii mzazi. Lazima aishi Marekani mfululizo kwa miaka 5, kisha anunue: dola 565 za Sehemu A na 202.90 za Sehemu B, jumla dola 767.90 kwa mwezi mwaka 2026. Mume au mke ni tofauti. Robo 40 za mmoja zinaweza kumpatia mwenzake Sehemu A bila ada, hata kama huyo hakuwahi kuajiriwa. Nimeona familia zikibishana juu ya Advantage ipi ina meno mazuri kwa mzazi ambaye kisheria bado hajafikia hata hatua ya kuingia Medicare.

Wakimbizi ndio walioguswa vikali zaidi na sheria ya kodi na matumizi iliyotiwa saini 4 Julai 2025, na kelele za mipango kufungwa zimewafunika. Sheria hiyo imeibakiza Medicare kwa raia, wenye kadi ya kijani na makundi mengine machache sana. Mkimbizi au aliyepewa hifadhi asiye na kadi ya kijani ametolewa, hata kama amefanya kazi na kuchangia kwa miaka 10, na walio ndani tayari watapoteza bima ifikapo 4 Januari 2027. Jamii za Wakongo za Maine, Kentucky, Iowa na Texas zina wazee wa namna hiyo. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba kadi ya kijani baada ya kukaa Marekani mwaka mmoja. Wengi huahirisha kwa sababu ya lugha, makaratasi au woga. Kwa mzee wa miaka 64 mwenye miaka 10 ya michango, fomu hiyo sasa ndiyo uamuzi wake wa kwanza wa bima, kabla ya A, B au jina la kampuni yoyote.

Tukirudi kwa wale ambao mipango yao ilifungwa 31 Desemba 2025: barua waliyopokea ilisema zaidi ya "chagua mpango mwingine". Sheria iliwapa siku 63 tangu bima kuisha, yaani hadi 4 Machi 2026, kununua baadhi ya aina za Medigap bila kupimwa afya, hata kama wana miaka 74 na figo zinazosumbua, hata kama wako Georgia. Aliyevuka moja kwa moja hadi mpango mwingine wa Advantage kwa sababu ndio uliotangazwa kanisani au msikitini, huenda ameipita haki hiyo bila kuiona. Na asiyefanya chochote hurudishwa Medicare ya asili bila mpango wa dawa na bila nyongeza, hali iliyo mbaya kuliko zote. Mikutano yetu ya jumuiya huwaalika mawakala wa bima kwa sababu ndio wanaoleta chakula na fulana. Kila jimbo lina washauri wa SHIP, huduma ya kuwashauri watu kuhusu Medicare, wanaolipwa na serikali au kujitolea, wasiopokea kamisheni ya mtu yeyote, na simu ya Medicare, 1-800-633-4227, hutoa mkalimani bila malipo kwa anayemwomba. Wakati wa kuwaita ni miezi michache kabla ya mtu kutimiza 65, na anayewaita aje na majibu ya maswali matatu: unaishi jimbo gani, utakaa nje ya Marekani miezi mingapi kwa mwaka, na ukiugua saratani unaweza kulipa dola 9,250 mwaka huu na nyingine mwakani?